Namna ya kukisoma kiwanda cha mtaani kwenu: daftari, chupa tatu na mtu wa kuongea naye

Swali la athari za viwanda halikosi kwenye somo la Jiografia, na jibu lake mwanafunzi analijua kabla hajashika kalamu. Anapiga mistari miwili wima, anapata safu tatu. Kiuchumi: ajira, kodi, fedha za kigeni. Kijamii: watu kuhamia mjini, msongamano, maadili kuporomoka. Kimazingira: moshi, kelele, maji machafu. Anapata alama zake, anaondoka. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo mpaka nikastaafu, hapa Morogoro, katika shule ambayo madirisha yake ya nyuma yanatazama mabati ya kiwanda, na ni mara chache nilikuta kiwanda kile kimeingia ndani ya karatasi.

Tatizo la safu tatu ni kwamba hakuna anayeishi ndani ya safu. Mama anayeleta mshahara mwisho wa mwezi ndiye huyo huyo anayebanwa na kifua Jumatatu, na mwanawe ndiye anayemwagilia mchicha kwa maji yaliyotoka kwenye mtaro wa kiwanda. Ukimwandika kwenye safu ya ajira umeficha kikohozi chake. Ukimwandika kwenye safu ya maradhi umeficha unga alioununua. Kwa hiyo darasani kwangu tulitumia njia nyingine, nami naiandika hapa kwa yeyote mwenye kiwanda jirani, awe mwanafunzi mwenye kazi ya mradi, mjumbe wa serikali ya mtaa au mkazi tu aliyechoka kubishana bila ushahidi. Chagua kitu kimoja kinachopita kwenye geti la kiwanda, kisha ukifuate mpaka kinapoishia. Mimi hufuata vitu vitatu: shilingi, saa na maji.

Kabla hujatoka nyumbani

Anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mweleze mwenyekiti au mtendaji unachotaka kufanya, umwombe barua ya utambulisho yenye muhuri. Barua hiyo haitakufungulia geti, ila itakusaidia mlinzi atakapokuja kuuliza wewe ni nani na mbona umekaa hapa tangu alfajiri. Usipige picha za geti, za walinzi wala za namba za magari. Huzihitaji, na zitakuletea maneno.

Kisha tafuta umri wa kiwanda, kwa sababu umri unaeleza nusu ya utakayoyaona. Hapa kwetu kuna matabaka. Chini kabisa upo mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ulizaa mashamba makubwa kuanzia Tanga mpaka huku, makorona ya kuchakata nyuzi, na kambi za manamba waliotolewa mikoa ya mbali, ambao wajukuu wao ndio majirani zetu leo. Juu ya mkonge vikaja viwanda vya umma vya baada ya Azimio la Arusha la 1967, hasa vile vya Mkakati wa Viwanda vya Msingi ulioanza mwaka 1975. Morogoro ikapata viwanda vya ngozi, viatu, turubai na nguo, na Mto Ngerengere ukazibwa kwa Bwawa la Mindu ili mji na viwanda vyake vipate maji. Miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji. Baada ya 2015 likaja wimbi la "Tanzania ya viwanda".

Kila tabaka lina tabia yake. Kiwanda cha umma kilijenga nyumba za wafanyakazi, zahanati na uwanja wa mpira, hata pale kilipokuwa kinakula hasara. Cha sasa kinajenga ukuta na kuweka kamera juu yake. Usilaumu wala usisifu bado. Andika tu mwaka, aliyejenga, aliyenunua na kinachozalishwa.

Fuata shilingi

Fika getini kabla ya shifti ya asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo hivi. Tafuta mama ntilie anayeuza chai na maandazi, nunua, ukae kwenye benchi lake. Nasema ununue kwa sababu anayekaa bila kununua huambiwa habari za hali ya hewa tu.

Utaona makundi mawili. La kwanza linapita na vitambulisho shingoni bila kusimama. La pili limeegemea ukuta, linamsubiri supavaiza atoke aseme leo anataka watu wangapi. Hao ni vibarua, wengine huwaita deiwaka. Hesabu makundi yote mawili, asubuhi kadhaa, na asubuhi mojawapo iwe ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo hesabu kundi la tatu ambalo hakuna ofisi inayolihesabu: waliorudi nyumbani bila kuchaguliwa. Taarifa ya kampuni itakuambia imeajiri watu wangapi. Haitakuambia wangapi walitembea kutoka Mkundi gizani, wakasimama ukutani, wakarudi na njaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kuandika, maana hali ya mshahara wa walio ndani inaamuliwa na urefu wa foleni ya walio nje.

Maswali yawe madogo na ya kushikika. Ukimuuliza mtu "mshahara unatosha?" atacheka au atakudanganya kwa heshima. Muulize mara ya mwisho alisaini mkataba lini. Muulize michango yake ya NSSF inasoma mpaka mwezi gani. Wengi wanaangalia kwenye simu na wanajua. Mwezi anaokatwa ukiwa mbele na mwezi unaosoma ukiwa nyuma, umeona kitu: fedha imekatwa ila haijafika. Muulize: ukiumia mkono leo, unakwenda hospitali kwa karatasi ya nani? Tangu 2015 tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anauchangia, lakini kibarua wa siku utakayemkuta ukutani mara nyingi hajawahi kuusikia.

Sasa ifuate shilingi ikitoka. Siku ya mshahara usikae getini tu, vuka barabara. Hapo utawaona vijana wamekaa kwenye pikipiki na daftari mkononi. Ni watu wa mikopo, ile tunayoiita kausha damu, na wanajua tarehe ya mshahara kuliko mhasibu. Andika nani analipwa kwanza: mkopo, kikoba, duka la mangi alikokuwa anachukua kwa daftari, au mwenye nyumba. Mpangilio huo wa kulipa unaeleza maisha ya mfanyakazi vizuri kuliko kiasi cha mshahara wenyewe.

Kodi ya chumba inastahili ukurasa wake. Uliza bei ya chumba kimoja karibu na geti, halafu bei ya chumba cha ukubwa huo huo nusu saa kwa miguu kutoka hapo. Tofauti ya bei hizo ni sehemu ya mshahara inayompitia tu mfanyakazi kwenda kwa mwenye nyumba. Lakini usikimbilie kumwona mwenye nyumba kuwa mnyonyaji. Mtaani kwangu wengi wao ni wastaafu wa viwanda vya zamani waliojenga vyumba vinne vya uani kwa kiinua mgongo chao. Kiwanda kilichokufa kinakula kwa kiwanda kilicho hai.

Halafu tazama mlango wa nyuma. Kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti kinatoa mafuta na kinatoa mashudu, na mashudu yanakwenda kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe. Mbegu zikiadimika au umeme ukisumbua, mama mwenye banda la kuku wa mayai anajua kabla ya gazeti, kwa sababu gunia la mashudu limepanda bei na wiki ijayo trei la mayai litapanda pia. Yeye hajawahi kuajiriwa kiwandani na jina lake halimo kwenye hesabu yoyote ya ajira. Watu wa namna hiyo wako wengi: wauza magunia, mafundi wa kuchomea, bodaboda wa shifti ya usiku, wanaonunua vipande vya vitambaa kushonea mito. Waandike wote, hata kwa mstari mmoja mmoja.

La mwisho kwenye shilingi ni halmashauri. Viwanda hulipa ushuru wa huduma. Kwenye mkutano wa hadhara muulize diwani ni kiasi gani kilikusanywa kutoka eneo la viwanda na kiasi gani kilirudi kwenye kata, kwa mtaro upi au darasa lipi. Ukijibiwa kwamba viwanda vinachangia sana maendeleo, rudia swali.

Fuata saa

Mwombe mfanyakazi mmoja akusimulie siku moja tu, jana, tangu alipoamka. Usimwombe maoni. Chora jedwali: saa, yuko wapi, nani yuko na watoto. Kwenye viwanda vya kushona nguo, ambako wafanyakazi wengi ni wanawake, jedwali hilo linakwenda hivi: saa kumi usiku anaamka, anapika uji, anafua nguo za mtoto; saa kumi na moja na nusu anatoka; saa kumi na mbili yuko getini. Mtoto wa miaka miwili amebaki na nani?

Majibu huwa matatu. Amebaki na bibi, aliyeletwa kutoka kijijini kwa kazi hiyo. Au amebaki kwa jirani anayelipwa kwa siku. Au amebaki na dada yake wa darasa la sita. Ukipata jibu la tatu, nenda shuleni kwa mwalimu mkuu na barua yako, uombe kuona rejista ya mahudhurio. Mwalimu wa darasa hahitaji hata kuifungua. Anawajua wasichana wanaokosa siku ambazo mama zao wana shifti ya asubuhi. Vitabu vinaita haya mabadiliko ya familia na kupita. Wewe kaa hapo.

Ila ukaaji huo uwe wa haki. Muulize mama huyo pia: nani aliamua mtoto asome shule ile? Nani alinunua kiwanja? Nimekutana na wasichana waliotoka kijijini wakiwa tayari wametajiwa mume, wakapata kazi ya cherehani, na baada ya hapo hakuna aliyewatajia tena bila kuwauliza. Wengi wa wasichana hao walishona nguo zilizokwenda Marekani chini ya AGOA, sheria ya Wamarekani wenyewe ya mwaka 2000 ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa hiyo uamuzi unaofanywa Washington unaweza kubadilisha mazungumzo ya posa huko Matombo. Hilo ni la kiuchumi au la kijamii? Mwanafunzi akiniuliza aliweke safu gani, namwambia alifute na aliandike katikati.

Saa zina athari mwilini pia. Kwa kelele huhitaji kifaa. Mwombe mfanyakazi akuonyeshe nyumbani: wawili wakisimama kiwandani umbali wa mkono mmoja, wanaongea kawaida au wanapaza sauti? Wakipaza, kelele hiyo iko karibu na desibeli 85 au zaidi, kiwango ambacho kwa miaka kinaua masikio. Kwa vumbi la pamba na la mkonge kuna swali moja ambalo daktari yeyote wa maradhi ya kazini angeuliza: kifua kinabana zaidi siku gani? Mafua ya kawaida hayajui kalenda. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la pamba, mwanzoni mwake, hubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha hulegea kadiri wiki inavyokwenda. Ukisikia "Jumatatu" kutoka kwa watu watatu wasiojuana, piga mstari chini yake.

Wazee waliostaafu usiwaache, maana wao hawaogopi kufukuzwa. Nakumbuka mmoja aliyefanya kazi kwenye mitambo ya kufuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Paza sauti mwanangu, masikio niliyaacha kule kwenye mashine."

"Mlikuwa mnaongeaje kule ndani?"

"Kwa midomo na mikono. Nikifika nyumbani namwona mama watoto anafungua mdomo, sisikii kitu mpaka usiku. Alidhani nimemnunia."

Wanafunzi walicheka, naye akacheka. Halafu akanyoosha kidole kwenye daftari la binti mmoja. "Andika na hili. Watoto wangu wote wamesoma kwa mashine ile ile. Usiandike nusu."

Fuata maji

Hapa ndipo chupa tatu zinapoingia. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zifanane. Ya kwanza ijaze juu ya mto, kabla maji ya kiwanda hayajaingia. Ya pili ijaze hatua kama hamsini chini ya mahali yanapoingia. Ya tatu ijaze mbali zaidi, pale ambapo mtu anayatumia: anafua, ananywesha ng'ombe, anamwagilia. Kila chupa isuuze mara tatu kwa maji ya hapo hapo kabla ya kujaza, ifunge chini ya maji ili hewa isibaki, na uandike mahali, tarehe na saa. Zote zijazwe asubuhi moja. Vaa glavu, usionje, na usisimame majini pekupeku.

Nyumbani zipange mbele ya karatasi nyeupe. Angalia rangi, kisha fungua unuse. Tikisa, uone povu linakaa muda gani. Ziache usiku kucha, asubuhi utazame kilichotuama chini. Mwalimu wa Kemia hakosi karatasi za kupimia asidi na alkali: mto wenye afya huwa kati ya 6.5 na 8.5. Kiwanda cha kutia nguo rangi hutumia alkali nyingi, kwa hiyo chupa ya pili ikipanda sana juu ya hapo una la kuuliza. Harufu ya yai viza inaweza kuwa ya kiwanda cha ngozi, ambako salfaidi hutumika kuondoa manyoya, au ya matope yanayooza bila oksijeni. Maji ya rangi ya kijani-bluu karibu na kiwanda cha ngozi yanatia shaka ya kromiamu, na hayo yaachie maabara.

Nenda mtoni alfajiri. Usiku mimea ya majini haitoi oksijeni huku kila kiumbe kinaendelea kuivuta, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Mto uliozidiwa na uchafu hujitangaza saa hiyo: perege wanakuja juu wakihema midomo wazi. Ukifika saa nne utaona maji tu. Tena usidanganywe na kambale. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, anaishi hata kwenye tope. Mvuvi akikuambia samaki bado wapo, muulize ni samaki gani. Kama zamani walikuwa wa aina nyingi na leo ni kambale peke yake, amekujibu. Geuza na mawe: vidudu vyembamba vyenye mikia mitatu vinavyong'ang'ania chini ya jiwe hupenda maji yenye hewa, minyoo myekundu kwenye tope huvumilia yasiyo na hewa.

Maji machafu hupenda usiku na mvua. Anayejua ratiba yake ni kijana anayelima mchicha bondeni, kwa sababu yeye hulala na shamba lake. Muulize maji hubadilika rangi siku gani, na umweleze kwa nini unauliza; yeye ndiye atakayepoteza soko ukipiga kelele hovyo kwamba mboga za bonde zina sumu. Mboga za majani zinaweza kufyonza metali nzito kutoka kwenye maji na udongo, hilo ni kweli. Lakini mpaka maabara iseme, usimharibie mtu riziki.

Na chupa ya kwanza ndiyo hakimu. Ikiwa tayari ni chafu kabla ya kiwanda, basi kuna wengine juu: maosho ya magari, vyoo vinavyofunguliwa wakati wa mvua, mashamba ya milimani kwenye miteremko ya Uluguru yanayoshusha udongo mpaka Mindu inajaa tope. Ngerengere inabeba dhambi za watu wengi. Inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, jambo ninalowakumbusha ndugu zangu wa Dar kila wanapokuja huku kutucheka kwamba sisi ni watu wa mboga na milima.

Kwa vumbi na masizi njia ni fupi: sahani nyeupe mbili zilizopakwa mafuta kidogo, moja juu ya paa upande upepo unakotoka, nyingine upande unakokwenda, siku zile zile. Linganisha.

Pale macho yanaposhindwa

Yote niliyoeleza yanakuambia wapi pa kutilia shaka. Hayathibitishi sumu. Risasi, ile metali ya betri, haina rangi majini wala harufu hewani, na hapo kisa cha Owino Uhuru ni cha kusoma taratibu.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini eneo la Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi kilianza kazi ukutani mwa nyumba za watu. Kilileta kazi, na watu walizitaka. Phyllis Omido alikuwa mmoja wa walioajiriwa, akifanya kazi ya ofisini. Mwanawe mchanga akaugua, matibabu yakahangaisha, mpaka kipimo cha damu kilipoonyesha risasi. Tazama jinsi safu tatu zinavyoanguka hapo: mshahara, mtoto na moshi vimekutana kwenye damu ya mtu mmoja.

Kinachonivutia mimi kama mwalimu ni alichofanya baadaye. Hakuishia kwenye hasira. Watoto wengine wakapimwa, nao wakakutwa nayo. Damu za wakazi na udongo wa mtaa vikapimwa kwenye maabara, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusema ni uvumi. Alikamatwa, akashtakiwa, akaachiwa huru. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya; rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha. Hesabu mwenyewe miaka kati ya mtoto kuugua na hukumu ya mwisho. Kesi ya namna hiyo haivuki muda mrefu hivyo kwa kumbukumbu za kichwani. Inavushwa na karatasi zenye tarehe.

Kwa hiyo: mtu akiugua, hifadhi kadi ya kliniki na majibu ya vipimo. Ukihitaji sampuli ipimwe kwa namna itakayokubalika, ulizia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu chombo cha kuchukulia, muda wa kufikisha na nani anatakiwa kuichukua. Chupa yako ya maji ya kunywa haitakubalika mahakamani. Kazi yake ni kukuambia wapi upeleke chombo kinachokubalika.

Kiwanda kilichofungwa nacho kina athari

Wanafunzi hudhani athari zinaisha moshi ukikoma. Hapa Morogoro tunajua zaidi. Kiwanda chetu cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za aluminiamu na halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji wa joto kama huu. Mashine zikaharibika, vipuri vikakosekana, na hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Kikafungwa mwaka 1990. Deni halikufungwa nacho.

Ukiwa na kiwanda cha namna hiyo, uliza mambo manne: waliopunguzwa walilipwa nini na lini, walikwenda wapi, majengo yamekuwa nini, maghala au kichaka, na mapipa ya kemikali yalibaki wapi. La mwisho hilo watu hulisahau mpaka mtoto anapopata pipa zuri la kuhifadhia maji.

Uliza na vilivyokufa pamoja nacho visivyo na bei. Viwanda vya zamani vilikuwa na timu na bendi. Urafiki, kiwanda cha nguo cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa na Urafiki Jazz, bendi iliyopigwa redioni nchi nzima. Huku kwetu, kiwanda cha sukari cha Mtibwa kilitoa timu iliyochukua ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, ikiwaacha Simba na Yanga wakitazama. Mimi si mtu wa mpira, lakini nilimwona mume wangu miaka ile. Uwanja wa kiwanda ukiwa umeota nyasi, andika umeota nyasi.

Kuandika na kupeleka

Panga daftari kwa nyumba. Kila nyumba ukurasa mmoja: wanaingiza nini kutoka kiwandani, wanatumia saa gani, wanatumia maji gani, nani anaumwa, nani anasoma. Majina halisi yabaki kwenye daftari lako. Kwenye taarifa tumia herufi. Kurasa zikifika ishirini hivi utaanza kuona ramani: upande gani wa mtaa unapata mshahara na upande gani unapata moshi. Wakati mwingine ni upande mmoja. Ukikuta si mmoja, hapo ndipo penye ugomvi wa mtaa wenu, na sasa unajua kwa nini mikutano haiishi vizuri.

Muhtasari wa kurasa mbili upeleke kwanza kwa uongozi wa kiwanda, uwape muda wa kujibu. Wapo wanaojibu. Kuna waliorekebisha mtaro kwa sababu tu mtu alikuja na tarehe badala ya matusi. Waombe pia ripoti yao ya TAM, tathmini ya athari kwa mazingira. Muhtasari wake unatakiwa kuwepo na kwa Kiswahili, kwa hiyo usikubali kuambiwa huwezi kuuelewa. Linganisha walichoahidi na ulichokiona.

Wasipojibu, barua ziende kila moja mahali pake. Maji ya mto ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Morogoro. Moshi, taka na ahadi za TAM ni za NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 4 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya; kitaje kwenye aya ya kwanza. Kelele, vumbi na ajali za ndani ni za OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Afisa mazingira wa manispaa apate nakala ya zote. Barua moja inayolalamikia kila kitu kwa kila mtu huzunguka mezani mpaka ipotee.

Toa nakala tatu. Moja unaiacha, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, unaondoka nayo. Ya tatu, pamoja na daftari, iweke kwa mtu ambaye yeye, mumewe na wapangaji wake hawapati mshahara kiwandani.